Dawa ya meno kwa mtoto wa Arusha: ibaki mdomoni, isishuke tumboni

Akina mama wa huku Usa River swali lao ni lile lile: "Bibi, maji yetu yamejaa madini ya floridi mpaka meno yanakuwa ya kahawia. Sasa dawa ya meno yenye floridi tena ya nini?" Wananiuliza mimi kwa sababu nimefanya kazi maabara ya sekondari kama fundi sanifu mpaka nikastaafu, na pia kwa sababu nikicheka wanaona meno yangu. Nimekulia kata ya Maji ya Chai. Meno yangu ni ya kahawia kama ya wenzangu wengi tuliokulia pale, na anayesema meno ya namna hii hayaozi aje nimwonyeshe mapengo ya magego yangu.

Jibu langu ni kwamba maji na dawa ya meno havifanyi kazi mahali pamoja. Floridi anayoimeza mtoto mdogo inapita tumboni, inaingia kwenye damu, na ikizidi inaharibu jino ambalo bado linajengwa ndani ya taya, chini ya ufizi. Ndiyo maana jino linatoka likiwa tayari na madoa. Floridi inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota inafanya kazi pale pale mdomoni, ndani ya mate, kupambana na asidi. Kwa hiyo mzazi wa huku ana kazi moja zaidi ya mzazi wa Tanga: kuhakikisha dawa inafika kwenye jino na haimezwi.

Asidi inatoka wapi

Mate ya mtoto ambaye hajala kitu kwa muda huwa karibu na pH 7. pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, si asidi wala si alkali, kinyume chake; namba ikishuka, asidi imezidi. Akila chenye sukari, bakteria waliomo kwenye ukoga, ule utando laini unaokwanguka kwa ukucha asubuhi, wanaila hiyo sukari na kutoa asidi. Ndani ya dakika chache pH juu ya jino inaweza kushuka chini ya 5.5, na hapo enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini yake ya kalsiamu na fosfeti. Kisha mate yanaingia kazini: yanaosha, yanaua makali ya asidi kwa baikaboneti iliyomo ndani yake, na yanarudisha madini yaliyotoka. Kazi hiyo inachukua kama nusu saa, mara nyingine hata saa nzima. Mtoto akitia kitu kingine kitamu mdomoni kabla mate hayajamaliza, hesabu inaanza upya.

Dawa ya meno inasaidia kwa njia tatu, na hazilingani uzito. Kwanza, dawa nyingi zenyewe si asidi. Zile nyeupe nzito zenye chaki ya kalsiamu kaboneti, au zenye baikaboneti, ni alkali, na zinapandisha pH ya mdomo mara moja. Pili, ule msuguano na ile ladha ya minti vinachochea mate yatoke kwa wingi, na mate yanayotiririka yana baikaboneti nyingi kuliko yaliyotulia. Lakini hizo mbili hazikai. Mtoto akishatema na kumeza mate mara kadhaa, pH inarudi ilikokuwa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoilipia dukani. Floridi kidogo inabaki kwenye mate na kwenye ukoga kwa saa kadhaa baada ya kupiga mswaki. Asidi ikija, floridi hiyo inasaidia kalsiamu irudi kwenye jino, na sehemu iliyojengwa upya inakuwa sugu zaidi: enameli ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye pH 5.5, yenye floridi inavumilia mpaka karibu 4.5. Floridi pia inawavuruga bakteria wasiweze kutengeneza asidi vizuri. Kwa hiyo dawa isiyo na floridi, hata iwe na mitishamba yote ya mlima Meru, faida yake kwenye asidi ni ya dakika chache. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa za malaria na za kisukari.

Waonyeshe kwa rangi

Watoto hawasikii maneno ya pH. Nunua kabichi ya zambarau, soko la Kilombero haikosekani na Tengeru siku za soko inapatikana. Katakata robo yake, mwagia maji yaliyochemka, acha mpaka maji yawe meusi meusi ya zambarau, chuja, acha ipoe. Gawa kwenye vikombe vyeupe au vizibo vya chupa. Sasa kila mtoto atie kitu chake: limau, kijiko cha soda isiyo na rangi, unga mweupe wa ubuyu, magadi, dawa ya meno nyeupe iliyokorogwa kwenye maji kidogo, na mate yake mwenyewe.

Limau, soda na ubuyu vinageuza maji kuwa pinki palepale. Magadi yanayageuza kijani. Dawa ya meno yenye chaki inaelekea buluu, na mate yanabaki zambarau au yanavuta buluu kidogo. Wajukuu wangu walibishana jioni nzima mate ya nani ni buluu zaidi, na kile kikombe cha ubuyu kikawafanya wanyamaze kidogo, maana ubuyu wanaupenda. Ukimaliza mwaga vyote, si vya kunywa. Dawa za meno zenye rangi usizitumie kwenye jaribio hili, zitakuchanganya.

Sasa tahadhari, hasa kwa wale wanaopenda kununua karatasi za pH kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Karatasi inapima mate. Asidi inayotoboa jino imekaa chini ya ukoga, imegusana na enameli, na mate yanaweza kuonyesha 7 safi wakati pembeni ya ufizi jino linaliwa. Usipime ukajipongeza.

Na magadi: yameshinda jaribio kwa kuwa alkali kuliko vyote, lakini msimpigishe mtoto mswaki kwa magadi. Magadi yetu ya kaskazini yanabeba floridi nyingi, na hiyo ndiyo inayomezwa.

Kununua

Geuza pakiti usome nyuma. Tafuta herufi ppm, yaani sehemu za floridi katika kila sehemu milioni za dawa, na namba iliyo karibu nazo. Kwa mtoto wa huku nataka 1000, si chini. Kama hawakuandika ppm wataandika asilimia: sodium monofluorophosphate 0.76% ni kama ppm 1000, sodium fluoride 0.24% ni kama 1100, na sodium fluoride 0.32% ni kama 1450. Hiyo ya 1450 waachie wakubwa na watoto waliopita miaka 6 wanaojua kutema.

Zile dawa za watoto zenye katuni na ladha ya stroberi zichunguze vizuri. Nyingine zina ppm 500, nyingine hazina floridi kabisa, na ladha yenyewe inamfanya mtoto ailambe kama jamu. Mimi siziingizi nyumbani kwangu. Dawa ya familia ya ppm 1000, ya minti isiyo kali sana, inatosha kwa mtoto wa mwaka mmoja ilimradi mkono wa mtu mzima ndio unaoshika tyubu. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, na muhuri wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usiupuuze, maana kwenye meza za barabarani dawa bandia zipo nyingi.

Dawa za mkaa za kung'arisha meno, hapana. Kahawia ya meno yetu si uchafu, imo ndani ya enameli, na ukisugua kwa mkaa, majivu au mchanga unapunguza enameli tu huku kahawia ikibaki. Nimewaona wasichana wa kidato cha pili wakisuguana kwa majivu kabla ya mahafali.

Mswaki wa mti nao? Mzee wangu anautumia kila asubuhi na unaondoa ukoga vizuri. Ila hauna floridi, basi jioni anatumia dawa kama sisi wengine.

Kiasi

Hapa ndipo mkwe wangu aliponibana. "Mama, si unasema floridi nyingi inaharibu meno? Na mtoto wa miaka miwili hajui kutema!" Nikachukua kalamu. Kwa mtoto chini ya miaka 3 kipimo ni punje ya mchele, kama gramu 0.1 ya dawa. Kwenye dawa ya ppm 1000, hiyo ina miligramu 0.1 ya floridi. Tuseme mtoto ameimeza yote. Sasa njoo kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4, na huku chini ya mlima Meru, mlima wa volkano, zipo chemchemi na mito inayopita 10. Lita moja ya maji yenye miligramu 4 ni sawa na kumeza punje 40 za mchele za dawa. Mkwe alirudia hesabu mwenyewe kwenye simu.

Basi usimnyime mtoto dawa ukamwachia maji. Lakini usiongeze pia: lile tope refu la dawa linalojaza mswaki mzima, kama kwenye matangazo, ni la kuuza dawa. Anza na punje ya mchele siku jino la kwanza linapochungulia, kwa wengi ni karibu na miezi 6. Kuanzia miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Dawa iwekwe na mtu mzima na tyubu ikae juu ya kabati, si kwenye sinki ambapo mtoto anaifikia.

Kumpigisha mswaki

Mimi nakaa kwenye kigoda barazani, mtoto anakaa chini akinipa mgongo, kichwa chake kinaegemea mapajani kwangu na uso ukitazama juu. Kwa mkono wa kushoto nauinua mdomo wa juu kwa kidole. Kabla mswaki haujagusa kitu natazama kwenye mstari ule ufizi unapokutana na jino, meno ya mbele ya juu. Kama kuna mstari mweupe usiong'aa, mweupe wa chaki, unaofuata ufizi, hapo asidi imeshaanza kuchukua madini lakini bado haijatoboa. Hatua hiyo inaweza kurudishwa nyuma kwa floridi na kwa kupunguza sukari, kwa hiyo ukiiona usikate tamaa na usiikalie.

Madoa ya floridi yana tabia nyingine. Kwa kawaida yanakuja kwa jozi: jino la kulia na mwenzake wa kushoto yanafanana, na mistari au mawingu yake yanakata jino kwa upana. Hayafuati ufizi. Yanaonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kahawia laini inayobonyea pembeni ya ufizi, hiyo ni kuoza, na majirani wasikudanganye kwamba ni maji tu.

Baada ya kutazama, piga mswaki kwa duara ndogo ndogo, dakika 2, meno yote, nje na ndani na pale juu panapotafunia. Magego ya nyuma yape muda mrefu kuliko ya mbele. Na hapa kuna jambo wazazi wengi linawapita: mtoto akifika kama miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto linaota gego la ukubwani, bila jino lolote kung'oka. Mama anaona ni jino la utoto, anasema litang'oka tu. Halitang'oka, hilo ndilo atakalokwenda nalo uzeeni, na lina mifereji mirefu juu ambayo ukoga unapenda kukaa. Mswaki uingizwe kwa ubavu, kutoka pembeni ya shavu, uifikie mifereji hiyo.

Mtoto anaweza kushika mswaki akajifurahisha, lakini wa kumalizia ni wewe, mpaka afike miaka 7 au 8. Anayeweza kuandika jina lake bila mistari kupinda, huyo mkono wake umekomaa.

Kisha ateme. Asisukutue. Hili linawashinda watu wengi kuliko yote, maana sote tumelelewa na kikombe cha maji pembeni ya mswaki. Ukisukutua unamwaga ile floridi uliyoilipia, na mate yanabaki matupu. Atoe povu, ateme tena, umpanguse mdomo kwa kitambaa, basi. Yule asiyejua kutema mwinamishe kichwa mbele, povu lidondoke lenyewe, na kitambaa kimalizie. Asile wala kunywa kwa nusu saa.

Mara mbili kwa siku, na ukilazimika kuchagua, chagua usiku. Mtu akilala mate yanapungua sana, hivyo hakuna wa kuosha asidi. Chupa ya maziwa yenye sukari au uji wa sukari anaolala akiunyonya, huo unakaa na jino usiku kucha. Dawa tamu ya kikohozi ya saa nne usiku pia ina sukari, impe kabla ya mswaki. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu tu.

Ubuyu na saa zake

Sijawahi kuona kitu kinachoitesa hesabu ya mate kama ubuyu wa kununua getini mwa shule. Wenyewe ni asidi, umepakwa sukari na rangi, na mtoto anamung'unya mbegu moja kuanzia getini mpaka nyumbani. Barafu za ukwaju ni vilevile, na soda inayonywewa kidogo kidogo. Kinachoumiza jino si wingi wa sukari peke yake, ni mara ngapi na kwa muda gani. Kijana anayekula pakiti nzima ya ubuyu kwa dakika 10 baada ya chakula cha mchana anaumia kidogo kuliko anayekula nusu yake kwa saa tatu.

Kwa hiyo nyumbani kwangu ubuyu haukatazwi, una saa: baada ya chakula, kwa pamoja, uishe, kisha maji ya kusukutua. Maji hapa ruksa, kwa kuwa hakuna floridi ya kumwaga. Usikimbilie mswaki palepale, enameli iliyotoka kuloweshwa na asidi ni laini na mswaki unaikwangua. Subiri nusu saa, mate yafanye kazi yake. Katikati ya milo watoto wapewe karanga, muhindi wa kuchoma, au maziwa yasiyo na sukari. Chai ya saa nne punguza vijiko vya sukari, hata kama baba mkwe atanung'unika.

Maji ya kunywa

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, sawa, lakini usidhani umemaliza. Mwenye bati na tenki avune maji ya mvua, ayatenge kwa kunywa na kupikia ya watoto walio chini ya miaka 8, maana ndio ambao meno yao bado yanajengwa. Kufulia na kuoga tumia maji yoyote. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, na mchujo huo unafanya kazi kweli ilimradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru nayo ndiko alikotoka Dk. Askwar Hilonga, aliyeshinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Ukinunua chujio lolote, muulize muuzaji swali moja: linaondoa floridi, au vijidudu tu? Mengi ya dukani ni vijidudu tu.

Na kwenye kiburu, makande na maharage ya watoto, magadi yapunguze au uyaache. Loweka maharage usiku, yataiva.

Lini kwenda kwa daktari

Ule mstari mweupe wa chaki ukiuona, nenda mapema, usisubiri shimo. Shimo linaloonekana, maumivu ya usiku, au mtoto anayetafuna upande mmoja tu, nenda wiki hiyo hiyo. Shavu likivimba na homa ikaja, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni jino la utoto. Beba pakiti ya dawa unayotumia. Mweleze daktari mtoto amekunywa maji ya wapi tangu azaliwe, bomba, kisima, mto au mvua, kwa sababu huenda akataka kumpaka floridi ya hospitali kwenye meno, au kuziba ile mifereji ya gego la miaka 6, na historia ya maji ndiyo itakayomsaidia kuamua kiasi.